Jicho la Sungura na Swali la Dawa Iliyo Bora

Katika vitabu vya tiba ya macho limo jedwali dogo ambalo limekuwa likinakiliwa tangu miaka ya 1970. Lina dawa tano za matone, zote za jamii ya steroidi zinazotuliza mchochota, na mbele ya kila dawa kuna asilimia moja. Prednisoloni asetati ina 51, deksamethasoni alkoholi 40, fluorometholoni 31, prednisoloni fosfati 28, na deksamethasoni fosfati 19. Tarakimu hizo zilitoka kwenye macho ya sungura, katika utafiti wa Howard Leibowitz na Allan Kupferman wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Anayelisoma kwa haraka huona dawa ya kwanza na ya mwisho, akaridhika. Lakini asilimia haina maana mpaka ijulikane ni ya kitu gani, na hapo ndipo kazi ya kulinganisha dawa inapoanza kuwa ngumu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mchochota ni namna mwili unavyojibu unapodhurika, au unapodhani umevamiwa. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja, maji na protini hupenya kwenye nyama za karibu, na seli nyeupe za damu hutoka mishipani kwenda mahali palipoumia. Dalili zake ni wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Katika sehemu nyingi za mwili hiyo ni hatua ya kuelekea kupona, na kovu linalobaki halina madhara makubwa. Jicho halivumilii kovu. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ni lazima ibaki angavu. Seli nyeupe zikijazana ndani yake, vimeng'enya vyake huimomonyoa na kuacha ukungu. Uvea ni tabaka lenye mishipa mingi linaloanzia kwenye irisi, ile duara yenye rangi, na kuendelea nyuma chini ya retina. Mchochota wa tabaka hilo huitwa uveitisi. Ukidumu, irisi yaweza kugandamana na lenzi, presha ya jicho ikapanda, na retina ikajaa maji. Ndiyo maana daktari hutaka kuutuliza mapema.

Kwa nini basi dawa zisilinganishwe kwa wagonjwa moja kwa moja? Hulinganishwa, na tutafika huko. Ila wagonjwa kumi wenye uveitisi ni kama wana magonjwa kumi: mmoja ana kifua kikuu, mwingine toksoplasma, wa tatu ana ugonjwa wa viungo, wa nne hakuna anayejua chanzo chake. Wamefika hospitali siku tofauti za ugonjwa, na baadhi yao wameshatumia matone ya duka la dawa. Isitoshe, hakuna mgonjwa anayeweza kukatwa konea ili zihesabiwe seli zilizomo. Maabara humpa mtafiti vitu vitatu ambavyo hospitali haiwezi kumpa: ugonjwa mmoja, saa moja ya kuanza, na ruhusa ya kupima ndani ya nyama yenyewe.

Gharama ya ruhusa hiyo huilipa mnyama. Jicho ni kiungo chenye hisi kali, na mchochota unauma. Mwaka 1959 Waingereza William Russell na Rex Burch waliweka kanuni tatu ambazo hadi leo kamati za maadili huzitumia: mnyama asitumike pale njia nyingine inapowezekana, watumike wachache kadiri inavyotosha, na mateso yapunguzwe. Nazitaja mapema kwa sababu zinagusa hesabu pia. Jaribio lililopangwa vibaya haliokoi mnyama hata mmoja. Huwatesa wote bila kujibu swali.

Hatua ya kwanza ya jaribio ni kuutengeneza ugonjwa, na zipo njia kadhaa zisizofanana. Leibowitz na Kupferman walidunga mafuta ya karafuu ndani ya konea. Wasomaji wa Unguja na Pemba wanayajua mafuta hayo kama dawa ya jino. Ndani ya konea ni kichocheo kikali kinachovuta seli nyeupe kwa haraka. Njia ya pili ilielezwa na Rosenbaum na wenzake mwaka 1980: panya hudungwa lipopolisakaridi, yaani kijenzi cha ukuta wa nje wa bakteria wa kundi la gramu-hasi. Sindano huweza kupigwa kwenye unyayo, mbali kabisa na kichwa, na bado uvea ya macho yote mawili hupata mchochota. Njia ya tatu ni ya polepole. Panya huchanjwa kwa protini iliyotolewa kwenye retina, ikiwa imechanganywa na mafuta pamoja na bakteria wa kifua kikuu waliouawa. Yapata wiki mbili baadaye mfumo wake wa kinga huishambulia retina yake mwenyewe.

Tofauti ya njia hizi si jambo dogo la kiufundi. Katika ya kwanza tunashuhudia jibu la nyama iliyochomwa na kemikali, katika ya pili jibu la haraka kwa sumu ya bakteria, na katika ya tatu kazi ya limfosaiti, zile seli nyeupe zinazojifunza adui na kumkumbuka. Dawa inayozuia limfosaiti kujifunza inaweza kung'ara katika njia ya tatu, lakini haina sababu ya kufua dafu katika ya kwanza, kwa kuwa karafuu haihitaji limfosaiti aliyefundishwa. Kwa hiyo, mtu akisema dawa fulani imeishinda nyingine kwa sungura, swali la kwanza ni hili: walitengenezewa mchochota wa namna gani?

Swali la pili ni wakati. Mchochota wa lipopolisakaridi hupanda haraka, hufikia kilele takriban saa 24 baada ya sindano, kisha hupungua wenyewe katika siku chache zinazofuata. Fikiria dawa inayotolewa saa moja kabla ya sindano. Hiyo haikutibu kitu; ilizuia. Kumwagia kuni maji kabla ya kuwasha kiberiti si kazi moja na kuzima nyumba inayowaka. Dawa ikitolewa saa 30 baada ya sindano, panya wangekuwa wanapata nafuu hata bila dawa, na asiye na kundi la kulinganishia ataipa chupa sifa ambayo ni ya mwili. Mfano mzuri wa wakati kuzingatiwa ni utafiti wa siklosporini, dawa inayozuia limfosaiti, uliofanywa na Robert Nussenblatt na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1981. Walitumia panya waliochanjwa protini ya retina, na hawakuishia kuwapa dawa siku ya chanjo. Kundi jingine lilianza dawa siku ya saba, wakati limfosaiti wameshaanza kufundishwa, na bado ugonjwa ulizuiwa. Matokeo hayo yalikuwa na uzito kuliko ya kinga ya siku ya kwanza, kwa sababu mgonjwa haji hospitali kabla ya kuugua.

Sasa turudi kwenye jedwali la Boston tuone asilimia zake zilipatikanaje. Kabla ya kudungwa karafuu, sungura walipewa kwenye damu thimidini, ambayo ni kijenzi cha DNA, iliyotiwa hidrojeni yenye mionzi. Seli nyeupe za aina ya neutrofili zilizokuwa zikizaliwa ndani ya uboho ziliitumia katika kujijenga, zikatoka na alama hiyo. Konea ilipochochewa, neutrofili zenye alama zilimiminika humo. Watafiti wakaikata konea na kupima mionzi: ikiwa mingi, seli ni nyingi. Dawa iliwekwa kila saa, kisha konea za waliotibiwa zikalinganishwa na za wasiotibiwa. Kwa hiyo 51 maana yake ni kwamba neutrofili ndani ya konea zilipungua kwa asilimia 51. Haielezi maumivu, haielezi uwezo wa kuona, wala presha ya jicho. Ni kipimo cha kitu kimoja, lakini kilichopimwa kwa uangalifu, na uzuri wake ni kwamba mashine haina upendeleo kwa dawa yoyote.

Vipimo vingi vingine havina bahati hiyo. Katika majaribio ya uveitisi, mchunguzi huangalia kwa darubini yenye mwale mwembamba wa mwanga na kukadiria seli zinazoelea kwenye maji ya chumba cha mbele cha jicho, kisha hutoa daraja kuanzia 0 hadi 4. Mwaka 2005 wataalamu wa uveitisi walikubaliana kuhusu madaraja hayo kwa binadamu: ndani ya mwale wa milimita moja kwa moja, seli 6 hadi 15 ni daraja la 1, 16 hadi 25 la 2, 26 hadi 50 la 3, na zaidi ya 50 la 4. Msomaji ataona mara moja kwamba hatua hazilingani. Kutoka daraja la 3 kwenda la 4 kunaweza kubeba seli nyingi kuliko kutoka la 1 kwenda la 2. Hivyo, kujumlisha madaraja na kugawanya ili kupata wastani ni kuzichukulia tarakimu za daraja kana kwamba ni za kipimo cha rula. Isitoshe, kukadiria kunategemea jicho la anayekadiria. Akijua sungura yupi alipata dawa anayoitumainia, mkono wake utaegemea upande huo hata kama ni mtu mwaminifu. Dawa ni lazima zifichwe kwa namba, na sungura wagawiwe makundi kwa bahati nasibu.

Kuna mtego mwingine wa hesabu ambao uwanja wa macho unao kuliko nyanja nyingi. Mnyama ana macho mawili. Mtafiti mwenye sungura kumi hushawishika kuandika kwamba ana macho ishirini. Lakini macho mawili ya sungura mmoja hushiriki damu moja, kinga moja na urithi mmoja. Kuyahesabu kama mashahidi wawili wasiojuana ni kuukuza uhakika usiokuwepo. Wengine huweka dawa jicho la kulia na maji matupu jicho la kushoto, na kwa dawa nyingine mpango huo hufaa. Hata hivyo, tone hushuka kwa mfereji wa machozi hadi puani na kuingia kwenye damu. Kwa panya wa gramu 250 tone moja ni dozi kubwa kwa mwili mzima, na sehemu yake inaweza kufika jicho la pili lililotarajiwa kuwa la kulinganishia. Dawa itaonekana dhaifu, kwa sababu imetibu hata lile lililotakiwa kubaki bila tiba.

Tukishajua asilimia zilivyopatikana, tunaweza kuuliza kwa nini zilipangika hivyo. Jibu la haraka lingekuwa nguvu ya molekuli. Jibu hilo linakataliwa na jedwali lenyewe. Ndani ya mwili, deksamethasoni ina nguvu takriban mara sita kuliko prednisoloni kwa uzito ule ule, na bado prednisoloni asetati ndiyo iliyoongoza. Hapa ni lazima kuweka tahadhari ambayo jedwali hulifichia jicho la haraka: prednisoloni ilikuwa ya asilimia 1, na deksamethasoni ya asilimia 0.1. Moja ilikuwa nzito mara kumi. Kilicholinganishwa ni chupa kama zinavyouzwa, wala si molekuli kwa molekuli. Kwa daktari anayeandika cheti, ulinganisho wa chupa ndio wenye manufaa. Kwa mwanakemia anayetaka kujua molekuli ipi ni bora, jedwali hili halikuulizwa swali hilo.

Maelezo ya pili ni njia ya kupenya. Konea ina tabaka la juu lenye asili ya mafuta, chini yake nyama nene yenye maji mengi iitwayo stroma, kisha ukuta mwembamba wa ndani. Asetati huyeyuka zaidi katika mafuta, na fosfati huyeyuka zaidi katika maji. Tabaka la juu kwa hiyo linapaswa kuizuia fosfati kuliko asetati. Watafiti walilipima wazo hilo kwa kulikwangua tabaka la juu na kurudia jaribio. Prednisoloni asetati ilitoka 51 hadi 53, maana yake haikuwa ikizuiwa sana. Prednisoloni fosfati iliruka kutoka 28 hadi 47. Ukisoma mistari hiyo miwili peke yake, utasema nadharia imethibitika.

Ila mistari ya deksamethasoni haikutii. Fosfati yake ilitoka 19 hadi 22 tu, hata baada ya kizuizi kuondolewa. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba walipopima kiasi cha dawa ndani ya konea, deksamethasoni fosfati ilikuwa imeingia kwa wingi kuliko deksamethasoni alkoholi, huku ikituliza mchochota kwa karibu nusu tu ya nguvu ya mwenzake. Kuwapo kwa dawa mahali si sawa na dawa kufanya kazi mahali hapo. Fosfati ni umbo linalohitaji kukatwa kwanza na vimeng'enya ndipo molekuli iwe hai, na hilo huenda ni sehemu ya maelezo. Kwangu, huu ndio moyo wa utafiti ule. Kwa miaka mingi wataalamu walichagua matone kwa kupima ni kiasi gani kimefika ndani ya jicho, wakiamini kipimo hicho kinatosha kuwakilisha tiba. Jedwali lilionyesha kwamba hakitoshi. Ni lazima kupima mchochota wenyewe.

Timu hiyo hiyo ilifanya jaribio jingine ambalo hunukuliwa mara chache kuliko jedwali, ingawa naliona ni la manufaa zaidi kwa mgonjwa. Walichukua dawa moja tu, prednisoloni asetati ya asilimia 1, wakabadilisha muda kati ya tone na tone. Kila saa nne, neutrofili zilipungua kwa asilimia 11. Kila saa mbili, 30. Kila saa moja, 51. Kila nusu saa, 61. Kila robo saa, 68. Kila dakika tano, 72. Tazama mambo mawili. Kwanza, faida hupungua kadiri unavyoongeza matone: kutoka saa nne hadi saa moja ni pointi 40, ilhali kutoka robo saa hadi dakika tano, kazi iliyoongezeka karibu mara tatu, ni pointi 4 tu. Pili, tofauti kati ya prednisoloni asetati na deksamethasoni alkoholi ilikuwa pointi 11, lakini tofauti ndani ya prednisoloni yenyewe, ikitolewa kila saa mbili badala ya kila saa moja, ni pointi 21. Kubadilisha saa kulileta tofauti kubwa kuliko kubadilisha chupa.

Bado sungura ni sungura. Binadamu hupepesa macho mara kadhaa kwa dakika. Sungura anaweza kukaa dakika nyingi bila kupepesa, na tone hukaa juu ya jicho lake muda mrefu zaidi. Konea yake ni nyembamba kuliko yetu, na ana kope ya tatu. Sungura weupe wa maabara hawana melanini kwenye irisi, ilhali melanini hushika baadhi ya dawa na kuzitoa polepole, jambo lenye uzito kwetu wenye macho meusi. Tena ukuta unaotenganisha damu na maji ya jicho huvunjika kwa urahisi kwa sungura kuliko kwa binadamu. Tofauti hizi haziharibu mpangilio wa dawa moja kwa moja, lakini zinazuia kuihamisha asilimia kama ilivyo. Hakuna sababu ya kuamini kwamba kwa mgonjwa wa Tanga tone la kila saa lingetoa 51 ile ile.

Safari ya kutoka mnyama hadi binadamu imewahi kufanikiwa na imewahi kukwama. Siklosporini ilihama: baada ya panya ilijaribiwa kwa wagonjwa wa uveitisi, ikawasaidia wengi, ingawa ilileta madhara kwa figo. Kingamwili iitwayo sekukinumabu ilikwama. Inazuia interlukini-17, protini ya mfumo wa kinga, ambayo kwa panya ilionekana kuchochea ugonjwa. Lakini majaribio matatu makubwa kwa wagonjwa, yaliyochapishwa pamoja mwaka 2013, hayakufikia lengo lake kuu. Baadaye utafiti mdogo ulionyesha kwamba dawa hiyo ikipitishwa kwenye mshipa kwa dozi kubwa ilifanya vizuri kuliko ikidungwa chini ya ngozi. Tunarudi pale pale: kiasi gani, kwa njia gani, kila baada ya muda gani.

Lipo pia jambo ambalo hakuna sungura wa karafuu anayeweza kutuonya. Mchochota wake hauna kijidudu. Katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki hupatikana chupa zenye deksamethasoni na antibayotiki pamoja, na mtu mwenye jicho jekundu huuziwa bila kuchunguzwa. Ikiwa wekundu huo umetokana na virusi vya hepesi kwenye konea, antibayotiki haivigusi, na steroidi huvifungulia njia kwa kuilaza kinga iliyokuwa ikivizuia. Kidonda kinaweza kutanuka na konea ikapata kovu la kudumu. Dawa iliyoshinda kwenye jedwali ndiyo inayoweza kuumiza zaidi hapo. Steroidi hizi pia, zikitumika kwa wiki nyingi, hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu na kuleta mtoto wa jicho, madhara ambayo jaribio la siku chache halina muda wa kuyaona.

Baada ya hatua zote hizo, hukumu yangu kuhusu jedwali ni hii. Haliwezi kutumika kama orodha ya ubora wa dawa. Linatosha kwa mambo mawili: kuonyesha kwamba umbo la dawa, liwe asetati, fosfati au alkoholi, hubadilisha tiba hata steroidi ya msingi inapobaki ile ile, na kwamba kiasi kilichofika ndani ya jicho si kipimo cha tiba. Jaribio la saa ndilo ningelitundika ukutani kliniki, kwa sababu linalingana na wanachofanya madaktari wa macho kwa uveitisi kali ya mbele: matone kila saa mwanzoni, kisha kupunguzwa taratibu kadiri seli zinavyopungua. Na kwa swali la chupa ipi, ushahidi wa kuutegemea umetoka kwa wagonjwa. Difluprednati, steroidi nyingine ya matone, ya asilimia 0.05 ililinganishwa na prednisoloni asetati ya asilimia 1 katika uveitisi ya mbele, ya kwanza ikitolewa mara nne kwa siku na ya pili mara nane, na haikuwa dhaifu kuliko hiyo. Difluprednati ni mchanganyiko wa mafuta na maji usiotuama, ilhali chembe za prednisoloni asetati hukaa chini ya chupa, na asiyeitikisa hujiwekea maji yenye dawa kidogo. Mgonjwa aliyeandikiwa prednisoloni kila saa aambiwe mambo mawili hayo kwa pamoja, saa na kutikisa, kabla hajaondoka kwenye dirisha la dawa.